Kabla ya Picha, Uliza Mtungi wa Gesi Unakaa Wapi

Hii ni hotuba niliyoitoa Jumamosi hapa Nairobi mbele ya wapambaji wa nyumba, mafundi wa samani na watengenezaji wa programu. Naiweka yote kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.

Hamjambo wote. Wapambaji, karibuni. Mafundi mliotoka Ngong Road na Gikomba mkafunga kazi Jumamosi, siku ya wateja, shukrani za pekee ni zenu. Na nyinyi watu wa programu mliojibanza kule nyuma karibu na soketi, nawaona.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kubuni huduma ya kidijitali ya kumsaidia mtu kupanga na kupamba nyumba yake. Yake yeye, si ya jirani yake. Nina neno moja tu, nitalizungusha mpaka mchoke: huduma ya aina hii Nairobi huanzia kwenye maisha ya waliomo ndani ya nyumba na huishia mikononi mwa fundi. Picha nzuri iko katikati ya safari hiyo, na tumezoea kuipa kiti kikubwa kuliko kinachomfaa mgeni wa kupita.

Kuna mama mmoja anaishi mtaa wa Umoja, nyumba ya chumba kimoja cha kulala. Yumo yeye, watoto wawili, na mpwa wake anayesoma chuo. Alijaribu programu fulani ya simu. Swali la kwanza: unapenda mtindo gani? Akapewa orodha ya mitindo, mingine ina majina ya nchi zenye theluji. Akachagua uliokuwa mweupe kwa sababu ulionekana safi. Akaletewa sebule tamu kweli: kochi jeupe, zulia jeupe, meza ya kioo yenye ncha za kutoboa goti la mtoto, na pembeni mmea mrefu kumshinda mpwa. Nikamwuliza, mama, ile picha uliifanyia nini? Akacheka. Akasema, "Niliiweka kwa stetasi ya WhatsApp."

Basi nawauliza nyinyi. Programu ile ilimwuliza mpwa analala wapi? Haikumwuliza. Ilimwuliza maji anayahifadhi wapi siku za mgao? Haikumwuliza. Ilimwuliza mtungi wa gesi unakaa jikoni au kwenye roshani? Soketi ni ngapi, na ziko ukuta gani? Mwenye nyumba anaruhusu kutoboa? Akihama, atadaiwa kurudisha rangi ya zamani kabla ya kupewa dipoziti yake? Haikumwuliza hata moja. Na hayo, ndugu zangu, ndiyo yanayopanga sebule ya Nairobi. Mapipa mawili ya maji yana kauli kubwa kuliko mtindo wowote. Kochi likunjuke kuwa kitanda au lisikunjuke, hilo ataamua mpwa.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Programu nyingi zinaishia mlangoni.

Watu wa pwani walilijua hili zamani bila simu. Ukiingia nyumba ya mawe ya Lamu, unaanzia kwenye daka, kibaraza cha mlangoni, pale anapopokewa mtu asiyehitaji kufika mbali. Unapita kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi juu, unaingia misana, vile vyumba virefu vyembamba, halafu ndipo unafika ndani, kwenye ukuta wa zidaka, vishubaka vya mapambo. Kila hatua faragha inazidi. Ploti zetu, haya majengo ya kupanga, zimefuta safari yote hiyo: mlango ukifunguka, anayepita koridoni anajua mnakula nini. Kwa hiyo mteja akikuandikia kwamba sebule yake "haina raha", usikimbilie rangi. Mwulize akiketi anatazamana na nini. Huenda anachokosa ni daka. Rafu iliyo wazi pande zote, kimo cha futi 5, ikisimamishwa hatua mbili kutoka mlangoni, inamjengea daka bila kugusa ukuta wa mtu. Akihama anaibeba.

Tena niwape mfano wa mbali. Mwaka 1926, mjini Frankfurt, Ujerumani, msanifu majengo Margarete Schütte-Lihotzky alibuni jiko la nyumba za watu wa kipato cha kawaida. Lilikuwa finyu, kama mita 1.9 kwa 3.4. Hakuanza na rangi ya makabati. Alianza na miguu ya mpishi: hatua ngapi kutoka kwenye sinki hadi kwenye moto, sekunde ngapi kwa kila kazi. Akachunguza na jiko la behewa la mkahawa ndani ya treni, kwa sababu humo watu wengi hupikiwa katika nafasi ndogo. Majiko kama 10,000 ya namna hiyo yalijengwa. Ninalipenda jiko lile, na ninazipenda pia lawama zilizolifuata: lilitosha mtu mmoja. Wa pili akiingia, mnagongana viwiko. Sasa fikirini jiko la hapa saa moja jioni. Mama yumo, dada wa kazi yumo, mtoto anataka maji, na chapati ziko motoni. Tumwige Margarete katika kupima, lakini kuhesabu watu tuhesabu wenyewe.

(Na hapa niseme kidogo kabla sijasahau. Vitambaa vya makochi. Najua baadhi yenu wapambaji mkiviona mnashtuka. Usimwambie mteja aviondoe. Vile vimefumwa na mama yake au na yeye mwenyewe. Tafuta rangi ya ukuta itakayovipendeza, uendelee na kazi.)

Nije kwenye vipimo. Hapa nitakaa, maana hapa ndipo pesa za watu zinapopotelea.

Kijana mmoja wa Ruaka, ghorofa ya nne, aliagiza kochi la kona. Chumba kilipimwa vizuri. Kochi lilitengenezwa vizuri. Siku ya kuletwa, likafika ghorofa ya pili, likakwama kwenye kona ya ngazi. Likapinduliwa, likasimamishwa wima, likalazwa kwa ubavu. Wapi! Wakaenda kutafuta kamba walipandishe kupitia roshani, wakakuta roshani ina grili. Mwisho fundi aliitwa, akalipasua vipande viwili pale kwenye ngazi majirani wakipita juu yake, akaja kuliunga ndani. Hadi leo upande mmoja unabonyea. Kosa lilikuwa la nani? Chumba kilipimwa. Njia ya kwenda chumbani haikupimwa.

Kwa hiyo, watu wa programu, ukurasa wenu wa kwanza wa vipimo uulize mlango una upana gani, ngazi ina upana gani, na kona yake ikoje. Lifti ipo? Kochi linaingia? Baada ya hapo ndipo mwulize chumba.

Na mteja atapimaje? Najua mtasema simu itapima. Zipo simu zenye kihisi cha leza. iPhone 12 Pro ya mwaka 2020 ilikuwa nacho, na inaweza kuchora chumba ukikizunguka tu. Wanyoshe mikono wenye simu yenye kihisi hicho. Naona mikono mitatu, na wawili mmeketi pamoja. Haya, tuwabunie waliobaki.

Tazameni chini. Nyumba nyingi za kupanga siku hizi zina vigae. Kigae kina sentimita 30, au 40, au 60 kwa upande. Mteja apime kimoja kwa rula ya mtoto, kisha ahesabu vigae kutoka ukuta huu hadi ule. Amemaliza. Mtoto wa darasa la tatu anaweza kumfanyia kazi hiyo na akaifurahia. Ukuta je? Ukuta hauna vigae. Basi abandike karatasi ya A4, asimame mbele yake moja kwa moja bila kuinamisha simu, apige picha. A4 ina sentimita 21 kwa 29.7 popote duniani, kwa hiyo programu ina kitu cha kulinganishia dirisha na soketi. Haitakuwa sahihi kama tepu ya fundi. Inatosha kujua kama kabati litaziba swichi, na kabla mbao haijakatwa fundi atakuja na tepu yake.

Halafu jibu litoke kwa futi na inchi. Msicheke. Hapa mtu hununua kitanda cha 5 kwa 6, hanunui cha milimita. Hebu tufanye hesabu pamoja. Chumba cha futi 9 kwa 10. Kitanda cha 5 kwa 6, kichwa kimeegemea ukuta wa futi 9. Kila upande unabaki na futi 2. Miguuni futi 4. Weka kabati lenye kina cha futi 2 huko miguuni, njia iliyobaki ni futi 2. Milango ya kabati ikifunguka kwa nje, wewe utasimama wapi? Juu ya kitanda! Kwa hiyo kabati hili liwe na milango ya kusukuma kando, au lisiwe na milango, liwe na pazia. Huo ndio ushauri. Haukuhitaji picha ya kompyuta, ulihitaji hesabu ya kutoa. Programu inayofanya hesabu hii na kumwambia mteja kwa Kiswahili cha kueleweka, "mlango wa kabati utagonga kitanda," imemwokolea pesa nyingi kuliko picha mia.

Mwanga nao una mambo yake. Ushauri mwingi mtandaoni umeandikwa na watu wa kaskazini ya dunia: chumba kinachotazama kusini kina jua, cha kaskazini ni baridi, kipake rangi ya joto. Nairobi iko nyuzi kama 1.3 tu kusini mwa ikweta. Jua letu linapita karibu juu ya utosi. Juni linaegemea kaskazini, Desemba linaegemea kusini. Dirisha la kaskazini na la kusini yanapokezana mwaka mzima. Linalosumbua hapa ni la magharibi, saa kumi jioni, jua linapoingia limelala na kukaa juu ya televisheni. Na linalosumbua zaidi ni ghorofa ya jirani. Kule mtaa wa Pipeline kuna madirisha ambayo ukinyosha mkono unashika ukuta wa ploti ya pili. Huyo mteja usimwulize dirisha linatazama upande gani. Mwulize, saa sita mchana unawasha taa?

Akisema ndiyo, mwulize pia boksi la balbu limeandikwa namba gani. Balbu ya 6500K ni nyeupe inayoelekea buluu. Ya 2700K ni ya manjano. Rangi ya maziwa uliyoichagua dukani mchana itageuka chini ya kila moja, na kamera ya simu nayo inajirekebishia weupe inavyotaka, kwa hiyo rangi mliyokubaliana kwenye skrini si ile itakayokauka ukutani. Dawa yake ni ya kizamani: kopo dogo, kipande cha kadibodi, paka, kiegemeze ukutani, kitazame asubuhi na usiku. Programu imkumbushe mteja kufanya hivyo kabla haijampa orodha ya kununua. Balbu, kwa kuwa nimeitaja, ndiyo badiliko la bei ndogo kuliko yote katika nyumba ya kupanga. Anza nayo.

Sasa fundi.

Mwaka 2017 kampuni ya IKEA ya Uswidi ilitoa programu ya kuweka kochi sebuleni kwako kupitia kamera ya simu. Kazi nzuri. Lakini tazameni inasimama juu ya nini: kochi lile lipo tayari, lina vipimo visivyobadilika, liko kwenye ghala, na lina namba. Kazi ya programu ni kuangalia kama nyumba yako inalifaa. Hapa kwetu kochi halijazaliwa. Liko kichwani mwa fundi, na mbao zake ziko kwa muuza mbao. Wengine wanauona huo kuwa upungufu. Mimi nauona kuwa utajiri. Mteja wa Stockholm akitaka kochi la futi 5 na inchi 4 ataambiwa achague kati ya haya. Mteja wa Ngong Road ataambiwa, "Lete dipoziti." Hakuna huduma yenye kumfaa mtu binafsi kuliko hiyo, tumeikalia miaka yote tukiiita jua kali.

Basi kwa nini wateja wanalalamika? Kwa sababu kati ya picha na fundi hakuna daraja. Fundi mmoja alionyeshwa kiti kilichochorwa na akili unde, yaani AI. Akakitazama muda mrefu. Akakuza picha kwa vidole. Akauliza, "Na huu mguu wa tatu umeshikana na nini?" Ulikuwa haujashikana na kitu. Akili unde haijui uzito. Inaweza kukuhamishia dirisha, ikafuta nguzo, ikakutolea mlango wa choo, na picha ikabaki inapendeza. Itumieni kuamsha hamu, kumsaidia mteja kusema "hii ndiyo, hii siyo." Msimpelekee fundi.

Mpelekeeni fundi karatasi moja. Moja tu, isomeke kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Iwe na mchoro wa mistari kutoka mbele na kutoka ubavuni. Vipimo kwa futi na inchi. Aina ya mbao. Aina ya sponji, na hapa wekeni wazi kama ni hai-densiti, ile nzito isiyobonyea upesi, maana ndipo ugomvi unapozaliwa. Kitambaa, na nani anakinunua. Chini yake mteja arekodi sauti yake mwenyewe, aseme anataka nini kwa lugha yake. Mafundi, ninasema uongo? Sauti ya mteja mnaisikiliza mara tatu, fomu hamsomi.

Na pesa. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, kutuma dipoziti ni kazi ya dakika moja. Kuirudisha ni hadithi nyingine. Mteja analia fundi amekula dipoziti. Fundi analia mteja ametoweka, na kochi la vipimo vya ajabu limebaki likizeekea kando ya barabara, nani atalinunua? Wote wawili wana haki. Huduma yenu ikae katikati, igawe malipo kwa awamu: ya mbao, ya fremu, ya kumalizia. Na awamu ya fremu isilipwe mpaka fundi atume picha ya fremu ikiwa tupu, kabla haijavikwa sponji. Kwa nini? Kwa sababu kitambaa kikishapigwa hakuna mtu atakayejua ndani kuna mbao ya saiprasi au mabaki ya makreti. Fundi mzuri ataipenda sheria hii kuliko mtu yeyote, kwa kuwa itamtenganisha na yule anayemharibia bei.

Bei zenyewe zisigandishwe. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma, na marufuku hiyo ikadumu miaka mitano na zaidi. Aliyekuwa na orodha ya bei za saiprasi za Januari mwaka ule alikuwa na karatasi ya kufungia maandazi. Mwulizeni fundi bei ya leo. Atajibu kwa meseji moja.

Jambo la faragha nitalipitia haraka, lakini msilipuuze. Picha ya sebule inaonyesha sura za watoto, cheti cha shule ukutani, televisheni ya ukubwa gani, mlango una komeo la aina gani, na kupitia dirishani, ploti iko wapi. Mwizi angelipa kuzipata. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na inakutaka uchukue unachohitaji tu kwa kazi uliyoitaja. Kwa hiyo: mteja anayetaka kutoa vipimo bila picha aruhusiwe, kazi ikiisha picha zifutwe, na nyumba ya mtu isiwe tangazo lenu bila yeye kukubali.

Na biashara yenyewe je? Modsy ya San Francisco, kampuni ya kupamba nyumba kupitia mtandao, ilikuwa na mtaji mkubwa na picha za kompyuta za kuvutia mno. Mwaka 2022 ikafunga huduma yake ya ubunifu. Homepolish ya New York, iliyounganisha wateja na wapambaji, ilikuwa imefunga mwaka 2019. Sitawaambia yote yaliyoziua. Ninachojua ni hesabu ya biashara yenyewe: kazi ya kila chumba inafanywa upya, na mteja akishapanga sebule harudi kesho. Huwezi kuishi kwa kuuza picha ya sebule kwa mtu anayenunua kochi mara moja katika miaka kadhaa. Unaweza kuishi kwa kamisheni ndogo kwenye kazi ya fundi iliyokamilika, na kwa mteja anayehama ploti na kukuuliza, hivi vitu vyangu vitapangikaje kule ninakoenda?

Kwa hiyo msianze na programu. Anzeni na WhatsApp, mpambaji mmoja, mafundi watatu, na mtaa mmoja mnaoujua ngazi zake. Maswali yaulizeni kwa mkono. Yale yanayojirudia ndiyo mtakayoyaandikia programu. Yasiyojirudia mwachieni mpambaji. Na mwezi mmoja baadaye msimwulize mteja ametupa nyota ngapi. Mwulizeni: kuna kitu kilichohama? Kuna kitu kilichonunuliwa, kilichotengenezwa, kilichotolewa nje? Kama hakuna, mlimpa stetasi.

Haya, maswali. Fundi pale mbele ameinua mkono tangu nilipotaja makreti, tumwanze yeye.